Moshi Hauondoi Dawa

Gari la maziwa lilikuwa limechelewa tena, na Weris alishamaliza kufukiza mitungi yake yote. Kila asubuhi aliweka vijinga vichache vya moto kwenye kigae, akaupindua mdomo wa mtungi juu yake na kuuacha moshi uingie wenyewe, bila haraka, maana plastiki haitaki moto wa karibu. Kisha alifunga kifuniko, akasubiri, akafungua na kunusa. Mtungi ulionuka moshi tu ulikuwa tayari kupokea maziwa. Ulionuka kitu kingine ulirudi kwenye kigae.

Waliokaa Garissa miaka ile, kabla mvua za El Nino hazijaja kuvuruga kila kitu, wanaikumbuka harufu hiyo. Ilianzia kwa akina mama wa soko la maziwa na kukufuata mpaka kwenye kikombe chako hotelini. Chai ya maziwa ya ngamia yaliyofukizwa ukishaizoea, nyingine zote unaziona kama maji ya kuoshea vyombo, hata zikitiwa hiliki na sukari ya kuzidi. Watumishi wa serikali waliohamishiwa huko kutoka Nyeri na Nairobi walifika wakikunja pua, na walipoondoka walikuwa wakiulizana maziwa kama yale watayapata wapi tena.

Weris naye alikuwa na ya kwake ya kukumbuka. Mama yake hakujua plastiki. Alikuwa na dhiil, chombo kilichosukwa kwa mizizi, kikakazwa mpaka hakipitishi hata tone, na maziwa yaliyolala humo yaliamka matamu. Weris alipoolewa mjini alikuja na mbili. Alizibeba mgongoni, na watu wakimwona tu walijua huyu ni binti wa nani na ngamia wake wanalisha wapi. Enzi hizo mwenye maziwa alikuwa mtu.

Kisha siku moja Kerrow, afisa wa afya wa soko, alipita na askari wake akatangaza kwamba vyombo vya kusuka ni vichafu, ndani havisuguliki, na kwamba kuanzia mwezi uliofuata maziwa yatauzwa kwa plastiki tu. Wanawake walilalamika wakachoka. Amri ya serikali ni kama jua la Garissa, unalilalamikia huku unatafuta kivuli. Haukupita muda, ghala la dawa za mifugo likapiga mnada mitungi yake tupu, mizito, myeupe. Kerrow mwenyewe ndiye aliyeukagua mzigo na kuupitisha. Barre mwenye duka akainunua yote, akaipanga mlangoni kwake.

Ilikuwa rahisi kuliko ile mipya ya njano, na imara. Ilinuka dawa ya kupe, na hilo kila mtu alilijua. Kila mtu pia aliijua tiba yake. Weris alinunua mmoja, akausugua kwa majivu na mchanga, akausuuza kwa maji ya moto, akaufukiza asubuhi na jioni mpaka harufu ikaisha. Mama yake alikuwa amemfundisha kwamba moshi unaua kila kibaya kilicho ndani ya chombo, na kuhusu maziwa mama yake hakuwahi kukosea.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, Weris hakuwa akingoja gari peke yake. Alikuwa akimngoja Abdow.

Abdow alikuwa kijana wa papo hapo mtaani Bulla Iftin, mtoto waliyemjua akikimbiza mbuzi, sasa anasoma chuo kikuu Nairobi. Kabla ya Ramadhani alikuja na sanduku la barafu na vichupa vya kioo. Alichota maji ya Tana, akachota maziwa kwa wauzaji, kisha kwa haya nyingi akaomba na maziwa ya akina mama wanaonyonyesha. Alisema Nairobi kuna mashine inayoona dawa ya kupe hata ikijificha. Hodan, binti wa Weris, alikuwa na mtoto mchanga wa kike, Idman, na hakutaka kutoa. Weris ndiye aliyembembeleza. "Mpe mtoto wa watu, anasoma," alimwambia.

Tangu hapo usingizi ulimpungukia, kwa kuwa Hodan alipokuwa na mimba, Weris alimnywesha vizuri kuliko alivyomnywesha mtu yeyote. Maziwa ya kwanza, yenye mafuta, kutoka mtungi ulio bora. Ule mweupe. Sasa alitaka jibu moja tu, kama maziwa ya kifua cha Hodan yalikuwa salama kwa mtoto.

Gari lilifika likiwa limefunikwa na vumbi la barabara ya Mbalambala. Weris alimimina, akapanga, akauza. Jirani yake Hodan, Naimo, mwenye mimba kubwa, alipita akajaziwa chupa yake na kuongezewa kidogo juu, kama ilivyo desturi kwa mwenye mimba. Jua lilikuwa limepanda vya kutosha Land Rover ya ofisi iliposimama mbele ya soko. Kerrow alishuka. Nyuma yake alishuka Abdow, akitazama viatu vyake.

Kerrow alikuwa mtu wa Mandera na Kisomali alikijua sana, lakini akiwa kazini alisema Kiswahili, ili watu wasisahau kwamba ni serikali inayozungumza.

"Vipimo vimefika," alisema. "Hakuna shida. Endeleeni na kazi zenu. Maelezo kamili yatatoka Nairobi."

"Hakuna shida, ama maelezo iko Nairobi?" Weris aliuliza. "Sema moja, afisa."

"Mama, nimesema endeleeni."

"Mimi nauliza ya msichana yangu tu. Hodan. Alitoa ya kifua yake, akaweka kwa chuba."

"Hayo ni mambo ya ofisi. Ni siri ya serikali."

Sharifo, aliyeuza karibu na Weris na ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alicheka. "Wallahi! Kifua ya Hodan imekuwa siri ya serikali? Bwana yake ajue haraka, atashitakiwa!"

Soko zima lilicheka. Kerrow hakucheka. Alimshika Abdow begani kama mtu anayemshika mtoto asivuke barabara, wakaingia hoteli ya jirani kunywa chai na kula sambusa.

Abdow alirudi peke yake baadaye, akachutama mbele ya Weris na kushika kikombe kana kwamba anataka kununua. Alizungumza Kisomali, kwa sauti ya chini.

"Eedo, nimekatazwa kusema." Alimwita shangazi, kama anavyoitwa kila mwanamke wa umri huo. "Nikisema, sitaruhusiwa kuendelea na kazi hii hapa."

"Basi usiseme. Nitazame tu usoni."

Alimtazama.

"Ipo," Abdow alisema. "Kwenye maziwa ya mitungi myeupe, ya kwako na ya wenzako wote mlionunua kwa Barre. Imezidi kiasi kinachoruhusiwa. Na kwa Hodan ipo pia."

"Lakini niliufukiza. Haunuki kitu."

"Moshi unaua vijidudu, Eedo. Mama zetu walikuwa sahihi. Lakini dawa hii haina uhai, utaiua vipi? Imeingia ndani ya plastiki yenyewe. Inapenda mafuta. Ukitia maziwa, inatoka na kuingia kwenye mafuta ya maziwa. Mtu akinywa, inakwenda kukaa kwenye mafuta ya mwili. Mama akinyonyesha, inatoka na maziwa yake."

"Na mtoto?"

"Sijui. Mashine inapima kiasi tu. Haisemi mtoto atakuwaje."

"Aache kunyonyesha?"

"Hapana! Nimemuuliza daktari hilo kwanza. Maziwa ya unga kwa maji yetu haya yatamuumiza upesi zaidi. Anyonyeshe. Aache tu kunywa ya mitungi ile."

Weris alitaka kumkasirikia mtu, na aliyekuwa karibu alikuwa kijana huyu, mwembamba, macho mekundu kwa usingizi wa basi. Hakuweza. Alimwambia, "Nenda, wasikuone." Kisha akajifunika shuka, akamwomba Sharifo amtazamie mitungi na asiuze kitu, akaenda.

Njiani alimkumbuka mama yake, na kwa mara ya kwanza maishani kumbukumbu ile ilimuuma. Mama alimpa elimu kamili ya dunia iliyokuwepo. Miti ya kufukizia, majina ya ngamia, namna ya kujua maziwa yaliyoanza kuharibika kwa kuyatazama tu. Hakuna kitu hata kimoja katika hayo kilichomwandaa kwa sumu isiyonuka.

Hodan alikuwa ameketi mlangoni, mtoto amelala mapajani. Weris alimweleza yote bila kupunguza. Hodan alisikiliza, na uso wake ukawa wa mtu mwingine.

"Hooyo, mama yangu, ulijua?"

"Sikujua."

"Ulisema ni maziwa bora."

"Nilidhani ni bora, Hodan. Ningekupa moyo wangu kama ungekuwa unanyweka."

Hodan alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mtoto aliamka, akaanza kutafuta titi kwa mdomo wazi. Hodan alimtazama, akasita, akatazama kando. Sauti ya mtoto ilipanda. Mwishowe alimnyonyesha, macho amefumba. Weris hakuwa na pa kutazama, akawa anaokota vijiti chini na kuvivunja.

"Na Naimo?" Hodan aliuliza ghafla. "Alipita hapa asubuhi na chupa imejaa. Ametoka kwako."

Weris alikuwa ameshasimama. Alipitia kwanza kwa Naimo. Alimkuta ananywa chai, akamwondolea kikombe mkononi bila salamu wala maelezo. Kisha akarudi sokoni kwa hatua ambazo umri wake ulikuwa umezisahau.

Sharifo aliposikia alilishika shuka la Weris kwa mikono miwili. "Nyamaza, walaalo, ndugu yangu. Nakuomba. Ukisema mitungi, watu hawatatenga mweupe na wa njano, watakimbia maziwa yote. Watoto wangu watakula nini, hewa? Tubadilishe mitungi pole pole, mmoja mmoja, Mungu atasitiri."

"Na leo wanakunywa nini?"

Sharifo hakuliachia shuka. Alikuwa anasema kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Weris alifungua vidole vya rafiki yake polepole, kimoja baada ya kingine, akasimama katikati ya soko. Miaka yote alikuwa ameyasifu maziwa yake kwa sauti. Sasa aliitumia sauti ileile.

"Msinunue!" aliita kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili, kwa kuwa walikuwepo walimu na wanajeshi. "Maziwa yangu iko na dawa ya kupe! Mtungi mweupe ya Barre, yote, iko na dawa! Mimi nimenywesha watu, mimi nasema! Mwenye mimba asinunue!"

Watu walisimama. Mwanamke mmoja aliirudisha chini chupa aliyokuwa ameshalipia. Katika mlango wa hoteli Kerrow alitokea akijifuta mdomo, na askari wawili wakamfuata.

"Nani amekuambia maneno haya?" aliuliza. Nyuma yake, Abdow alikuwa ameganda.

"Wewe," Weris alisema. "Umesema hakuna shida. Serikali ikisema hakuna shida, sisi tunajua iko."

"Unachochea watu, mama. Nimesema maziwa ni mazuri."

Weris aliinama, akamimina kikombe kutoka mtungi mweupe mpaka kikajaa povu. Akamnyooshea kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Kwao mtu hakatai maziwa. Hata adui hupiga funda moja, kisha ugomvi ukaendelea.

"Ni mazuri," alisema. "Kunywa, afisa."

Kerrow alikitazama kikombe. Askari walikitazama. Nzi alitua ukingoni akaruka.

"Nimefunga," alisema mwishowe, kwa Kisomali.

"Jumanne?" aliuliza Sharifo. Wanaofunga sunna hufunga Jumatatu na Alhamisi, na nusu ya soko ilikuwa imemwona akila sambusa. Safari hii hakuna aliyecheka. Sharifo akaanza kufunga vifuniko vya mitungi yake myeupe, machozi yakimtoka, akimtukana Weris chini kwa chini huku akizidi kufunga.

Weris alipelekwa ofisini akaachiliwa jioni kwa onyo. Abdow alirudishwa Nairobi kwa basi la kesho yake. Kabla ya Ijumaa soko la maziwa likafungwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa uchafu. Ghala la dawa halikuguswa, na Barre hakuitwa na mtu. Hodan aliendelea kunyonyesha, kwa kuwa mtoto alikuwa na njaa.