Nyumba Thelathini na Moja za Mokua

Mokua alikuwa amejenga nyumba thelathini na moja, na hakuna hata moja ambayo paka angeweza kulala ndani yake. Alizijenga kwa lego, vile vijitofali vya plastiki vya kuunganisha ambavyo wazazi huwanunulia watoto kisha vikasahaulika chini ya kochi. Yeye hakuwa mtoto. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mvi mbili tatu kidevuni, na ofisi mjini Kisii ambako kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba. Nyumba nyingi mpya unazoziona kuanzia Nyakoe hadi Gesima zilipita chini ya rula yake. Jioni, akirudi kwenye nyumba yake ya kupanga, alijenga za plastiki, akabomoa, akajenga tena. Mkewe Drusilla alishazoea kukanyaga vijidirisha akienda kubandika chai.

Usimcheke upesi, maana hakuwa peke yake. Kulikuwa na daktari wa meno, walimu wawili na karani mmoja wa mahakama, watu wazima wenye akili zao, waliokuwa wakikutana naye kila Jumapili alasiri kujenga na kubishana kuhusu paa kama watu wanaogombania mpaka wa shamba. Mwezi wa nne aliwajia Lavender, binti kutoka Nyamira anayetengeneza filamu za hali halisi. Alitaka kutengeneza moja kuhusu watu wazima wanaopenda lego. Wote walivaa mashati yao mazuri.

Zamu ya Mokua ilipofika, alizipanga nyumba zake mezani na kuzieleza moja baada ya nyingine mbele ya kamera. Hii ina ghorofa. Hii ina baraza inayozunguka. Hii ya thelathini na moja ina ngazi ya ndani inayopinda.

"Na zote hizi utazijenga wapi?" Lavender akauliza.

"Ni nyumba moja tu," Mokua akajibu. "Naitafuta. Nikiipata nitaijenga nyumbani, Gesima. Kiwanja kipo."

"Naweza kwenda kukipiga picha?"

"Nenda tu. Majani chai yanapendeza mwezi huu."

Hapo Mokua alijichimbia shimo, na alilichimba akitabasamu. Alidhani Lavender ataleta picha za milima na ukungu. Hakumwambia kwamba kiwanja hicho alionyeshwa na baba yake, mzee Manasseh, miaka kumi na miwili iliyopita, na kwamba kwao mtoto mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Hakumwambia pia kwamba ana mdogo wake, Ochoki, ambaye angekuwa ameshajenga zamani.

Mzee hakuwa amedai jumba. Alisema hata kibanda cha chumba kimoja kingetosha, mradi kiwe na mlango na moto uwashwe ndani. Baada ya hapo Ochoki angekuwa huru. Lakini Mokua aliona haya. Mtu anayewachorea matajiri majumba, kwake mwenyewe asimamishe kibanda cha mabati? Watu wangesemaje? Tena nyumba ya plastiki ukiikosea unaing'oa, hakuna aliyeona. Ya Gesima ingebaki pale, kila jirani aikague. Basi kila mwaka akasema bado kidogo, na juu ya kabati akaongeza mwaka mmoja nyumba moja, mwingine mbili, mwingine tano.

Filamu ilionyeshwa Jumapili moja ya mwezi wa nane, kwenye ukumbi mjini Kisii. Ukumbi ulijaa. Watu walimcheka karani wa mahakama aliyejenga mahakama na kujiweka kwenye kiti cha jaji. Nyumba za Mokua zilipotokea, watu wakapiga makofi, naye akajinyoosha kitini. Kisha ukuta ukajaa kijani cha chai ya Gesima. Katikati ya kijani hicho kulikuwa na kipande cha ardhi kilichoota magugu, na mtu mwenye gambuti amesimama pembeni. Alikuwa Ochoki.

"Mimi nakaa Nyakoe, nyumba ya kupanga, na bibi na watoto watatu," Ochoki alikuwa akimwambia Lavender. "Kila asubuhi nakuja hapa kuchuna chai. Pangu ni pale kwa migomba."

"Mbona hujajenga?"

"Nangoja mkubwa wangu aanze. Kwetu inakuwanga hivyo."

"Umengoja miaka mingapi?"

Ochoki akafikiri. "Kifungua mimba wangu hakuwa amezaliwa. Sasa ako gredi ya sita."

"Na huna hasira naye?"

"Hasira ya nini? Mokua ni mtu wa kazi safi. Hawezi kukurupuka." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi na kubandikwa selotepu kwenye mikunjo. "Hata ramani ninayo. Alinichorea mwenyewe nikioa."

Akaifungua mbele ya kamera, akaipangusa kwa kiganja, akatabasamu.

Mokua alikuwa ameisahau kabisa ramani ile. Aliichora kwa siku moja, zawadi ya arusi, akaendelea na mambo yake. Aibu ikampanda. Angetukanwa mbele ya ukumbi mzima angejua la kujibu, lakini alikuwa ametetewa. Taa zilipowashwa daktari wa meno alimgonga bega akamwambia, "Ndugu yako anakupenda sana." Mokua akatoka nje akapiga simu.

"Tata," akamwambia baba yake, mzee Manasseh, alipopokea, "kile kibanda ulichosema. Bado kinatosha?"

"Kilitosha tangu siku ile," mzee akasema.

Jumapili iliyofuata alikuwa Gesima pamoja na Drusilla, na mbao, mabati, misumari na pima maji. Ochoki aliwahi mapema akafyeka magugu. Walichimbia nguzo, wakapigilia mabati, wakipokezana nyundo. Kufikia saa tisa chumba kilikuwa kimesimama. Kilikuwa kibaya. Mlango ulikuwa umepinda kiasi cha vidole viwili, na Mokua alipouwekea pima maji, alichukua nyundo ili aung'oe aanze upya.

Mzee Manasseh alikuwa kwenye kigoda chake, akitazama.

"Unafungika?" akauliza.

"Unafungika, Tata, lakini..."

"Basi weka nyundo chini. Drusilla, washa moto."

Drusilla akawasha moto kwenye mafiga matatu. Moshi ukapenya juu ya ule mlango uliopinda, na mzee akautazama mpaka akaridhika. Mokua alipogeuka kumtafuta mdogo wake, hakumwona. Ochoki alikuwa ameshafika kwenye migomba, amepiga kigingi cha kwanza, na kamba iko mkononi.

Mokua akamfuata. Ramani ilikuwa imetandazwa chini, jiwe kila pembe. Akainama kuitazama, na jicho la kazi likamwonyesha yote: dirisha la jikoni lilielekea mvua inakotokea, kijia cha ndani kilikuwa chembamba, na choo kilikuwa mahali ambapo leo asingekiweka. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati kutafuta penseli.

"Ochoki, hapa jikoni nilikosea. Nipe siku mbili tu niirekebishe."

Ochoki aliondoa mawe, akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha mfukoni na kufunga kifungo.

"Usiiguse, brathangu," akasema kwa upole, akamnyooshea ncha ya kamba. "Shika hapa."

Mokua akairudisha penseli, akashika.