Hatua Tatu Kutoka Ukingoni

Nalala adhuhuri kando ya kaburi la mama, kati yake na mto zimebaki hatua tatu, na usingizi unaponishika mto unageuka kurudi ulikotoka nami naufuata, hadi kwenye mwamba unaotoa maji membamba ambayo ningeweza kuyaziba kwa kidole. Pale amesimama mtu asiye na uso. Namwambia, yazibe basi, mwaka jana nilifyeka matete yote ya ukingoni nipate mistari mitatu zaidi ya mahindi, na tangu hapo mto unamsogelea mama. Anajibu, aliyeuita hayuko huku juu, twende. Twateremka. Maji yanachimba bonde, yanagonganisha mawe makubwa kama nyumba, na kila ninapogeuka mawe yamepungua, yamekuwa kokoto, kisha mchanga unaonipita vidoleni. Bonde linatanuka, mto unalegea, unapinda, unapinda tena, na kila kona ina kijiji kilekile ng'ambo zote mbili: upande wa nje nyumba zinamong'onyoka, upande wa ndani watu walewale wanapanda mchicha kwenye udongo mpya. Najiona pande zote mbili, na namchukia yule aliyeshika panga. Nauliza, kwa nini uchukue huku upeleke kule? Asiye na uso anasema, muulize aliyefungua mlango. Najua ni mimi, nami nalia huku natembea. Mwishoni maji yamechoka, yanagawanyika vijito, yanatua tope lake jeusi mbele ya bahari, na juu ya tope mwanamke ameinama anapanda mpunga. Naujua mgongo ule. Mama, nasema, turudi nyumbani. Hageuki. Komora, ananiambia, shamba langu limeshanifuata huku, wewe umebaki kulinda nini?

Nazinduka. Mtu amenisimamia na jembe mkononi, jua liko nyuma yake, uso siuoni. Kaka, anasema, na sauti ni ya mdogo wangu Hiribae, ulipolala mto umekula hatua mbili, imebaki moja, tumhamishe leo au tumwache aende? Miezi minne nimemkatalia, maana naona aibu kumfukua mama kwa kosa langu mwenyewe. Leo nalichukua jembe. Tunachimba. Udongo wa juu ni mwekundu, wetu, wa siku zote. Wa chini unatoka mweusi, na nikiuonja una chumvi.