Tangi Namba Tatu Halikupiga Hodi

Asubuhi ile shemeji yangu aliingia kwenye tangi namba mbili akipiga mluzi, na nilimwona kwa macho yangu. Aligusisha kadi yake kwenye kisanduku kilicho kando ya mlango wa tangi, taa ndogo ikawaka, akavuta buti zake juu, akanigeukia.

"Shemeji, leo nikikorogwa na sabuni, mwambie mama nimekufa msafi."

"Niondolee mdomo wako hapa," nikamjibu. "Ingia ufanye kazi."

Ndivyo tulivyo, mtu na shemeji yake. Ila utani huo haukunichekesha. Kazi hii ni mimi niliyemtafutia. Yeye ni kitindamimba wa mama mkwe, na siku alipoanza, mama mkwe alinishika mkono mlangoni kwake akaniambia, "Huyu nimekukabidhi wewe. Sijakikabidhi kiwanda." Nikaitikia. Ningefanyaje?

Kiwanda chetu kinatengeneza sabuni ya maji. Kuna matangi manne, kila moja refu kupita chumba, na ndani yake yanazunguka mapanga ya chuma ya kukorogea. Sabuni ikishatolewa, mtu huingia kwa kimlango cha chini akakwangua mabaki kwenye kuta. Mitambo yenyewe ni mizee, ilinunuliwa ikiwa imeshachoka, wala haina kitu cha kuizuia isizunguke kimlango kikiwa wazi. Anayeingia analindwa na kadi tu. Akiigusisha, kompyuta ya chumba cha uendeshaji inalionyesha tangi lile kwa rangi nyekundu, MTU NDANI, na kitufe cha Anza kinafifia kisibonyezeke. Akitoka anagusisha tena, rangi inarudi kijani. Programu hiyo ndiyo ninayoitunza mimi.

Nilipanda ngazi hadi chumba cha uendeshaji roho nyeupe. Kabla zamu haijaanza nilikuwa nimeshaweka toleo jipya, na nilitaka nisifiwe. Toleo la zamani lilikuwa na uvivu usiovumilika: ukihama ukurasa wa Matangi kwenda ukurasa wa Joto kisha ukarudi, lilikuwa linaujenga ukurasa upya kuanzia msingi, skrini inapepesa, unasubiri mpaka unasahau ulichofuata. Malalamiko yalinichosha. Sasa nimelitibu. Ukurasa ukishafunguliwa mara moja unahifadhiwa, na ukirudi unaukuta papo hapo, vile vile ulivyouacha.

Mwendeshaji wa mitambo alikuwa ndiyo kwanza anaiwasha kompyuta. Ni mtu wa umri wa baba yangu mdogo, na kiwanda kizima kinamwita Mzee Vidole, maana vidole vyake havitulii hata akiwa kwenye usingizi wa mchana. Ukurasa ukafunguka: moja na nne kijani, yanakoroga tangu zamu ya usiku, tatu kijani, limesimama, mbili nyekundu, MTU NDANI. Huyo ndiye shemeji yangu.

"Ona kasi hiyo, Mzee," nikasema.

Akabonyeza Joto, akarudi Matangi. Joto, Matangi. Kila mara ukurasa ulikuja kabla hajainua kidole.

"Haraka haraka haina baraka, Mtaalamu," akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Nikakaa pembeni yake na kompyuta yangu, nikawa nafuatilia mambo mengine. Muda ukapita. Chai yangu ikapoa. Kitu kimoja tu kilinikera: yule mzee hakuacha kuhama kurasa. Kabla ya kugusa chochote, Joto, Matangi. Nikidhani ni mazoea tu, kama mtu anayekohoa kabla ya kusema, nikamwambia, "Mzee, utaichubua hiyo kompyuta." Akacheka, akaendelea.

Meneja akaingia akihema, simu sikioni, mkono umeziba simu.

"Namba tatu liko tayari? Lori liko getini, dereva anatukana."

Mzee Vidole akatazama. "Tatu kijani, bosi. Mwenye mtu ni mbili."

Nami nikatazama. Nyekundu ilikuwa pale pale kwenye mbili, na moyo wangu ukatulia. Kupitia dirisha la chumba kile unaona vifuniko vya juu vya matangi tu. Vimlango viko chini, upande wa pili.

Mzee akabonyeza Joto, akarudi Matangi. Akakunja uso. Akarudia. Kisha akabonyeza Anza kwenye tatu, na huko chini honi ikaanza kulia.

"Toleo lako zuri," akaniambia, "ila halipepesi."

"Si mlitaka haraka?"

"Ndiyo, lakini lile la zamani likipepesa ndiyo unajua limeamka."

"Limeamka kivipi?"

Akanishangaa, kana kwamba nimemuuliza jua linatokea wapi. "We Mtaalamu, kwani hujui? Hizi rangi hazibadiliki zenyewe. Lazima utoke urudi, ndiyo zinabadilika. Sote tunafanya hivyo, tangu enzi za yule mwenzako aliyeiandika akahama."

Kwenye kazi yetu, skrini haizunguki ikichungulia mambo. Kila rangi unayoiona imefungwa kwenye taarifa yake huko nyuma, imekaa inasubiri. Taarifa ikibadilika, ni juu yake kupiga hodi: jamani, mimi si yule wa mwanzo, nichoreni upya. Isipopiga hodi, skrini haijui lolote, inaendelea kuonyesha ya asubuhi kwa uso mkavu. Yule mwenzangu aliyehama hakuiandika ile hodi. Mstari mmoja tu. Na hakuna aliyegundua, kwa sababu ukurasa ulipokuwa unajengwa upya kila ukirudi, ulisoma taarifa upya bila kusubiri kuambiwa. Vidole vya yule mzee ndivyo vilivyokuwa vinafanya kazi ya mstari ule miaka yote. Na asubuhi hii mimi nimevikata.

Kwa hiyo niliyokuwa naitazama ilikuwa picha. Picha ya wakati kompyuta inawashwa. Shemeji yangu alikuwa ameshamaliza namba mbili zamani, na baada ya mbili huja tatu, hata mtoto anajua.

"Simamisha!" nikapiga kelele. "Simamisha tatu! Yumo ndani!"

"Nani?"

"Simamisha, Mzee!"

Honi ile ni moja kwa matangi yote. Hulia kwanza, kisha ikinyamaza ndipo mapanga yanazunguka. Mtu aliye nje akiisikia anasogea. Mtu aliye ndani hata hashtuki, anasema moyoni hilo ni tangi jingine, mimi nimegusisha kadi. Nilijua kabisa kwamba wakati ule shemeji anaendelea kukwangua, pengine na mluzi.

Mzee akapeleka mshale kwenye kitufe cha Simamisha. Kitufe kilikuwa kimefifia. Akabonyeza, hakuna kitu. Nikamnyang'anya kipanya nikabonyeza mimi, hakuna kitu. Nacho kilikuwa kimefungwa kwenye taarifa ile ile: huwaka tangi likianza kufanya kazi, na hakuna aliyekipigia hodi kwamba tatu limeanza. Kwa akili yake namba tatu lilikuwa bado limesimama, na kilichosimama hakisimamishwi.

Mzee Vidole akaanza kufanya alichokizoea. Joto, Matangi. Joto, Matangi. Joto, Matangi. Jasho linamtoka. Ukurasa unakuja kwa kasi niliyojisifia, na kila ukija, tatu ni kijani.

"Mbona kijani?" meneja akauliza. "Si kijani hicho?"

Swichi kuu ya umeme iko ukutani nyuma ya mlango, ndani ya sanduku la chuma. Nikamsukuma meneja mzima mzima, simu yake ikaanguka.

"Usizime hapo! Utagandisha sabuni ya moja na nne!"

"Igande!" nikamwambia, na nikaongeza neno ambalo mama mkwe asingependa kulisikia kinywani mwangu.

Mfuniko wa sanduku ulikuwa na kutu. Nikauvuta kwa kucha. Nyuma yangu honi ikanyamaza. Sijawahi kuchukia ukimya kama nilivyouchukia ule. Nikasikia mngurumo wa chini, ule wa mota inayojiandaa kubeba mzigo, nikaning'inia kwenye mkono wa swichi kwa uzito wangu wote.

Feni ikasimama. Skrini ikazima. Kiwanda chote kikanyamaza.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka nimepiga magoti kwenye kimlango cha tangi namba tatu, nimeingiza kichwa, na sioni kitu, harufu ya sabuni inanichoma macho. Nikamwita. Sikumwita shemeji, nilimwita kwa jina alilopewa na mama yake. Kimya. Nikamwita tena, safari hii nikilia.

"Niligusisha."

Alikuwa amesimama amebanwa ukutani, mikono imetandazwa. Panga lilikuwa limeshazunguka hadi kwake. Ncha yake ilikuwa imelishika ovaroli lake kifuani na kulikunja, limekaza. Pale lilipofikia ndipo umeme ulipokatika. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, kwa sababu ndefu isingepata nafasi.

"Shemeji, niligusisha kadi," akasema. "Haki ya Mungu niligusisha. Msije mkasema sikugusisha."

"Najua," nikamwambia. "Najua uligusisha."

"Waulize. Taa iliwaka."

Tulilikata ovaroli kwa kisu, Mzee Vidole na mimi, na muda wote huo hakusema neno jingine ila hilo la kadi. Tulimpandisha juu tukamkalisha kwenye kiti cha mzee, tukampa glasi ya maji. Meneja alikuwa ameshaokota simu yake. Fundi wa umeme akazitoa kwanza waya za mota, kisha akarudisha taa.

Kompyuta ikawaka. Programu ikafunguka, ukurasa ukajengwa upya, mara ya kwanza tangu asubuhi. Namba mbili, kijani. Namba tatu, nyekundu. MTU NDANI.

Shemeji aliisoma akiwa na glasi mkononi. Alikuwa ametoka bila kugusisha kadi, nani angekumbuka?

"Kumbe ilikuwa inajua," akasema polepole.

"Ilijua," nikamjibu. "Tangu ulipogusisha."

"Sasa mbona haikuwaambia?"

Mzee Vidole akaificha mikono yake kwapani. Mimi nilitaka kumweleza shemeji habari za taarifa na ukurasa, nikaacha. Nikavuta kompyuta yangu, nikautafuta mstari usiokuwepo, nikauandika. Kisha nikamwomba mzee akae bila kugusa kitu, na nikashuka mwenyewe na kadi ya shemeji hadi kwenye tangi. Nikagusisha. Kutoka juu mzee akapiga kelele, sauti imempasuka, "Imebadilika! Imebadilika yenyewe!"

Jioni tulirudi pamoja, shemeji na mimi, kwa miguu. Alikuwa amevaa shati la kuazima. Karibu na kwao akanishika mkono.

"Shemeji, mama tusimwambie. Mimi mzima. Hana jinsi ya kujua."

"Akiuliza?"

"Hawezi kuuliza. Ataona nimerudi kama kila siku, basi."

Nilimwacha nyuma, nikaongeza mwendo. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, na ndani nilimsikia mama mkwe anapanga sahani, moja ya kwake na moja ya mwanawe, kama jana na juzi. Nikapiga hodi. Kabla hajaniitikia karibu, nilikuwa nimeshaanza kusema.