Rivolva Ndogo ya Risasi Nene

Tangu Mzee Protas aanze kuchagua bastola, Elinaja alijifunza kubisha hodi mara mbili na kungoja. Siku ya kwanza aliingia moja kwa moja kama alivyozoea, akamkuta mzee mbele ya kioo cha kabati, koti mwilini, mkono mfukoni, anajigeuza upande huu na upande ule kama bibi harusi kwa fundi cherehani. Mzee aliona haya, na siku ile nzima hakumsemesha ila la lazima.

Elinaja alikuwa mwangalizi wake, siku nne kwa wiki, katika fleti iliyo juu ya duka la Kishor pale Thornton Heath. Kazi yenyewe ilikuwa dawa, kuoga, uji, na matembezi mafupi hadi kwenye mnara wa saa na kurudi. Alikuwa na miaka ishirini na sita. London alikuja kumfuata mumewe, Evans, ambaye ni muuguzi. Shule aliishia la saba, kulekule Machame alikotoka mzee pia, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea radhi. Lakini macho alikuwa nayo, na subira alikuwa nayo. Ukikaa naye wiki moja tu, Elinaja ameshajua unapenda chai ya namna gani na ni nani unayemficha jambo.

Bastola yenyewe haikuwa ya London. Uingereza mtu wa kawaida haruhusiwi kuwa nayo, na mzee alilijua hilo vizuri. Alisema ataomba kibali nyumbani na kununua hukohuko, kwenye duka lenye leseni. Huku alikuwa anachagua tu. Alisoma kwenye tableti asubuhi hadi mchana, akakata maumbo ya bastola kwenye maboksi ya nafaka, kila moja kwa kipimo chake, na soksi moja aliijaza dengu za Kishor mpaka mizani ya jikoni ikasema gramu mia nane, ili ajue uzito wake mfukoni.

"Shika rula, mama," alimwambia Jumanne moja. "Soma."

"Inchi mbili na robo, baba."

"Na hii?"

"Tatu."

"Ya tatu inalenga vizuri zaidi, lakini inachomoza mfukoni. Mwizi akijua unayo, anakuja na yake. Ya kubeba kwa siri lazima iwe fupi. Fupi, ila risasi iwe nene."

"Si ungechukua ya risasi nyembamba, baba, ikawa nyepesi?"

"Nyembamba! Unataka kumtekenya mwizi?"

Elinaja alicheka, mzee naye akacheka, na kile kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Januari.

Januari ndiyo walimuua mdogo wake, Anaeli. Mzee Protas alikuwa amejenga nyumba kubwa Machame, yenye madirisha ya vioo vya rangi na geti la chuma, naye haishi humo. Anaeli alikuwa na nyumba yake ndogo kule chini, kando ya migomba, akakubali kwenda kulala kwenye ile kubwa ili isikae tupu. Wezi walipokuja walimkuta yeye. Mzee alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri kwenda kuzika.

Hilo ukoo ulimsamehe. Lakini matanga yalibaki. Kwao mkubwa ndiye anayeyaanua: anakaa kwenye kiti chake mbele ya watu, nguo za marehemu zinafunguliwa na kugawiwa, na mjane anaambiwa sasa inuka, rudi kwenye maisha yako. Priscilla, mjane wa Anaeli, alikuwa bado anangoja kuambiwa. Nguo nyeusi hajavua. Harusini haendi, sokoni anatuma watu. Furushi la nguo za mumewe lilikuwa kwenye kona ya chumba anacholala. Elinaja aliyajua hayo bila kusimuliwa, maana aliwahi kumwona mama yake mzazi amekaa hivyohivyo.

Kila Alhamisi Priscilla alipiga simu, na kila Alhamisi mzee alimwonyesha Elinaja kwa kidevu: pokea wewe.

"Mwambie shemeji wazee wanauliza tarehe."

"Mama anauliza tarehe, baba."

"Mwambie nashughulikia habari ya silaha. Siwezi kwenda kulala nyumba ile mikono mitupu."

Ikawa Pasaka, ikapita. Ikawa mwisho wa Mei, ukapita. Na mzee akawa bado hajaamua kati ya mpini wa mpira na mpini wa mbao.

Jambo moja lilimsumbua Elinaja, akalinyamazia. Lilikuwa koti. Mzee alikuwa na makoti manne mapana, ya mtu mrefu mwenye mifupa mikubwa, lakini kila alipopima bastola alivaa moja tu, la kijivu, jipya, ambalo mikono yake iliishia katikati ya kigasha. Siku Elinaja alipolipiga brashi alitazama ukosini. Lilikuwa la mtu mfupi. Kikaratasi cha dukani kilikuwa bado kinaning'inia.

"Linakubana, baba."

"Ndiyo mtindo wa sasa."

Alhamisi iliyofuata simu haikulia. Elinaja aliitazama saa ya ukutani mara tatu. Mzee hakuuliza.

Jumamosi akaja Solomon kutoka Wembley, treni mbili na miguu. Solomon alikuwa Mkenya, alitumikia jeshi la Uingereza miaka kumi na miwili, sasa ni mlinzi uwanjani. Alikuja pia Januari, kutoa pole. Safari hii mzee ndiye aliyemwita, amsaidie kukata shauri.

"Mzee Protas! Nasikia unataka kuwa polisi uzeeni."

"Na wewe nasikia bado unapekua watu mikoba langoni."

"Kazi ni kazi, mzee. Juzi nimemnyang'anya mama mmoja sufuria nzima ya pilau."

Walicheka, wakanywa chai, halafu mzee akapanga maboksi yake mezani na kuvaa lile koti. Solomon alitazama maboksi, akatazama koti, akamtazama mzee mikono. Mikono ilikuwa inatetemeka, kama inavyotetemeka siku zote kabla ya dawa ya saa saba.

"Wacha nikuambie ukweli," alisema, na sauti yake ilishuka. "Hiyo kitu ni ndogo na risasi yake ni kubwa. Ikilia inaruka kama mbuzi. Na triga ya rivolva ni nzito, haivutwi kama ya sinema. Sio kila mtu ataiweza."

"Mimi nitaiweza."

"Iko njia ya kujua bila bunduki. Dada, kuna mchele?"

Elinaja alileta mfuko wa kilo tano. Solomon aliufunga kamba, akatengeneza kitanzi, akauweka mkono wa mzee kwenye mkono wa kiti na kukivisha kitanzi kidole cha shahada.

"Kidole kimoja pekee. Mfuko utoke sakafuni, urudi. Mara tano, kwa sababu risasi ni tano."

Mzee Protas alivuta. Kamba ilikaza, pembe moja ya mfuko ikainuka, ikarudi chini. Alivuta tena, akauma mdomo, mshipa ukamtoka shingoni. Mfuko haukuondoka. Mara ya tatu kidole kilijikunja chenyewe kikatoka kwenye kitanzi.

"Basi, mzee," Solomon alisema.

"Haidhuru." Mzee alikuwa anahema, anafuta jasho kwa ule mkono mfupi wa koti. "Haidhuru hata kidogo. Anaeli ana mikono ya jembe. Yeye ataivuta."

Chini barabarani basi lilipita, vikombe vikalia mezani. Mzee naye alilisikia alilolisema, na uso wake ukaanza kulegea polepole.

Elinaja alipiga magoti mbele yake, akaanza kufungua kamba. "Baba," alisema, "koti ni la baba mdogo Anaeli, sivyo?"

"Nililinunua Oktoba. Asubuhi za kule ni baridi. Nikasema nitampa mtu anayekwenda Krismasi, nikasahau." Akakishika kile kikaratasi cha dukani. "Agosti alinipigia simu. Kuna vijana asiowafahamu wanazungukazunguka nyumba. Akasema, kaka, nisaidie nipate hata bastola ndogo, ya kuweka kwenye koti, watu wasijue. Nikamwambia wewe una mambo ya sinema. Nunua mbwa. Elinaja, nilimcheka. Nilicheka mpaka nikakohoa."

Solomon alisimama akaenda dirishani.

"Nimezisoma zote," mzee aliendelea. "Sasa najua ipi ingemfaa. Ni ile ya inchi mbili na robo."

"Mama Priscilla hajui hayo?"

"Nitamwambiaje? Nikikaa kwenye kile kiti atanitazama usoni."

Elinaja hakuwa mtu wa kupiga simu ya mzee bila kuambiwa. Siku ile aliichukua, akapiga, akamwekea mzee mkononi, na akaufumbata mkono wake ili simu isianguke.

"Shemeji," sauti ya Priscilla ilitoka wazi, wote wakaisikia. "Umepiga mwenyewe."

"Nimepiga mwenyewe. Nakuja kuanua matanga."

Kuku walisikika upande wa pili.

"Tulianua Jumatano, shemeji. Wazee walitaka tuendelee kungoja. Mimi ndiye niliyekataa. Nimechoka."

"Nani alikaa kwenye kiti changu?"

"Hakukaa mtu. Tulikiweka kikabaki hivyo."

Mzee alifumba macho. Elinaja alidhani atakata simu, na mkono wake ukajiandaa kuipokea. Lakini mzee alisema yote: Agosti, vijana, bastola, mbwa, kicheko. Aliyasema vibaya, kwa kurudiarudia, na Priscilla hakumkatiza.

"Najua," Priscilla alisema alipomaliza. "Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Mimi ndiye niliyemwambia akuombe. Ulipokata simu na yeye alicheka. Akasema, kaka yangu amezoea nchi yenye polisi."

"Shemeji..."

"Na mbwa alinunua. Wawili, wakubwa. Walitupiwa nyama yenye sumu usiku uleule alipouawa."

Mzee Protas aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa koti.

"Njoo ulione kaburi," Priscilla alisema. "Utalala kwangu, ile kubwa nimeifunga. Sitakukaripia, sina nguvu hizo. Lakini habari za bunduki usiniletee. Sitaki kuzisikia kwangu." Akaaga kwa heshima, kama anavyoagwa shemeji mkubwa, na simu ikakatika.

Solomon aliuokota mfuko wa mchele akaurudisha jikoni. Alikaa hukohuko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuweka mfuko chini.

"Elinaja," mzee alisema mwishowe. "Ndege ya kwenda kule inafika saa ngapi?"

Elinaja alitafuta kwenye simu yake, kwa kidole, bila haraka. "Kuna inayofika saa nane, baba."

"Saa nane mchana?"

"Mchana, baba. Jua likiwaka."

"Basi hiyo."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuitikia, na ghafla akalia, kwa sauti, kama walivyolia wenzake Januari makaburini yeye akiwa hayupo. Elinaja hakumwambia anyamaze. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, na saa yake ya kuondoka ikapita.