Kitabu cha Ukoo Bila Namba

Hezekiah alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na hapo Nyeri mjini hungempata mwenzake kwa kushona Biblia iliyochanika. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alipenda kusema ndiyo kabla swali halijaisha. Mbele ya Mzee Gicheru wa mtaa wa Skuta ugonjwa huo ulizidi, kwa sababu Mzee Gicheru alikuwa baba yake Shiro, na Hezekiah alitaka kumwoa Shiro kuliko alivyotaka kula.

Basi mwaka wa tisini na nne, mzee alipomletea kazi ya kitabu cha ukoo, kitakachogawiwa jamaa wote kwenye mkutano wao wa Agosti, Hezekiah aliitikia tu kwa kichwa. Jalada gumu la kijani? Ndiyo. Maandishi ya dhahabu? Ndiyo.

"Na usiweke namba kwa peji," mzee akasema. "Kila peji iko na watu. Watu hawahesabiwi, hata watoto, hata ng'ombe. Ni mwiko."

"Ndiyo, mzee."

Angefikiri kidogo angejikuna kichwa. Kitabu kama hicho huchapwa kwenye karatasi kubwa, kila moja ikakunjwa iwe mkunjo wa kurasa nane, kisha mikunjo ikapangwa, ikashonwa na kuvikwa jalada. Kinachomwonyesha fundi mkunjo upi unafuata upi ni namba. Majina nayo hayangemsaidia. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza hupewa jina la baba ya babake, na wa pili jina la baba ya mamake, kwa hiyo ukoo ule ulikuwa Gicheru wa Ngatia, Ngatia wa Gicheru, Gicheru wa Ngatia, mpaka kule dunia ilikoanzia.

Karatasi zilipotoka kwa mchapaji, Hezekiah akapanga kwa kubahatisha, akashona nakala moja, akaivika jalada na kuipeleka Skuta huku akipiga mluzi. Mzee akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena.

"Hapa babu yangu amezaliwa na mjukuu wangu," akasema polepole.

Akavua miwani, akakifunga kitabu.

"Hawa wazee wamekufa, wamenyamaza, na bado umeshindwa kuwapanga. Huyu Shiro wangu, na vile ako na mdomo, utamweza? Ukileta vitabu ziko namna hii, usisumbue wazee wako kuja kwangu kuuliza msichana."

Mzee akatoka kwenda kulisha ng'ombe wake. Hezekiah alibaki sebuleni amenywea, aibu na hofu zikimgombania. Shiro, aliyekuwa akimimina chai, hakumhurumia hata kidogo.

"Uliuliza baba nini kabla uanze kazi?"

"Sikuuliza kitu."

"Ati hukuuliza? Sasa hata mimi nikikuambia kitu kwa nyumba, utakuwa unasema ndiyo tu?"

Swali hilo lilimchoma kuliko maneno ya mzee. Akakata shauri kuuliza, na wa karibu kuulizwa alikuwa mama wa Mzee Gicheru, cucu Wakonyo, yaani nyanya yake Shiro, bibi kizee aliyeketi dirishani akisuka kikapu cha kiondo. Hezekiah akamweleza shida yake yote, kisha akamwuliza yeye hujuaje amekosea, ikiwa hahesabu nyuzi.

"Nihesabu ya nini, kijana wangu? Naangalia huu mstari mwekundu. Unapanda, unapanda. Nikikosea unakatika, na macho inaona."

Hezekiah akamwomba kiondo, akakigeuza huku na huku, kisha akacheka peke yake. Mikunjo nayo ina migongo. Kila mgongo angeuchora alama ndogo nyeusi: ya mkunjo wa kwanza juu kabisa, ya unaofuata chini yake kidogo, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Ikipangwa sawasawa, alama zingeshuka kama ngazi. Mmoja ukikosea mahali, ngazi ingevunjika, na jalada lingeficha alama zote. Ila alihitaji mtu wa kumpangia kwanza kitabu kimoja kilicho sahihi, na mtu huyo alikuwa zizini, hatua chache kutoka dirishani.

Akapiga moyo konde, akamfuata. "Mzee, nilikimbilia kazi kabla sijaelewa. Naomba ukae na mimi tupange ukoo wako pamoja."

Hezekiah alipomweleza habari ya alama za migongoni, mzee alitaka kujua kama hizo si namba zilizojificha.

"Ni mstari tu," cucu akajibu kutoka dirishani. "Hakuna mtu amehesabiwa."

Hezekiah akaifumua nakala ile, wakatandaza mikunjo yake mezani. Kazi ya muda mfupi ikala mchana mzima, kwa maana kila Ngatia alikuwa na kisa chake. Huyu alihamia Kutus akarudi na punda asiye wake. Yule alikataa kubatizwa mpaka ahakikishiwe kwamba mbinguni kuna ugoro. Hezekiah alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na safari hii aliuliza kila alichotaka kujua.

Juma lililofuata mzee akaja mwenyewe kwenye karakana, kabla ya majalada kubandikwa. Vitabu vilikuwa mezani, migongo juu, na kila mgongo ulikuwa na ngazi yake nzima. Mzee alipitisha kidole kwenye kila kimoja, hakuruka hata kimoja. Halafu akafungua kimoja mwishoni, penye jina la Shiro.

"Hapa nyuma ya Shiro uongeze karatasi moja nyeupe," akasema.

Hezekiah alikwisha fungua kinywa kusema ndiyo, akajizuia. "Ya nini, mzee?"

"Ya kijana wenu wa pili, wewe na Shiro. Lazima Gicheru apate mahali pa kuandikwa."

Hezekiah akavuta kigoda, akaketi, akaanza kukata karatasi nyeupe.