Moyo wa Amida

Miaka mingi kabla ya watu kumwita Profesa, Kaleli alikuwa daktari msaidizi katika hospitali moja ndogo ya Thika. Alikuwa kijana wa Kikamba, mwembamba, aliyetoka Makerere akiwa na hamu kubwa ya kuonyesha kwamba anajua. Daktari mkuu alikuwa Mzungu mzee, na kazi aliyomwachia ilikuwa kufungua majipu na kutibu malaria.

Mwezi wa tano mwaka 1953, siku ya mvua isiyokatika, mwanamke mmoja wa mtaa wa Majengo, jina lake Mwanarusi, alimleta bintiye, Amida, aliyekuwa na miaka minane. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa amemrudisha mtoto nyumbani. Kwenye vifundo vya vidole, viwiko na visigino alikuwa na vinundu vya manjano, vigumu, kama punje za mahindi zilizopandwa chini ya ngozi. Daktari mkuu alimtazama akiwa amesimama mlangoni, akasema ni ukoma, akaagiza aandikiwe barua ya kupelekwa kwenye kambi ya wakoma.

Kaleli hakuandika barua hiyo. Alichukua sindano akakigusa kinundu kimoja.

"Unaniumiza!" Amida akauvuta mkono.

"Penye ukoma ngozi hufa ganzi, haiumi hivyo," Kaleli alimwambia mama. "Mtoto wako hana ukoma."

Mwanarusi alikaa chini sakafuni palepale akalia kwa furaha, na muuguzi Waceke, mwanamke wa Ruiru aliyekuwa zamu siku hiyo, akamwinua na kumpa kikombe cha chai. Kesho yake Mwanarusi alirudi na sahani ya mahamri iliyofunikwa kitambaa. Kaleli aliyala mahamri yale huku akisoma kitabu, na alipofika ukurasa aliokuwa akiutafuta akairudisha sahani mezani.

Kitabu kilisema ni mafuta. Kuna watu wanaozaliwa na damu isiyoweza kuyaondoa mafuta yanayoitwa kolesteroli. Mafuta hujikusanya chini ya ngozi, kisha ndani ya mishipa ya moyo, mpaka mishipa inaziba. Mtoto akirithi ugonjwa huo kwa baba na kwa mama pia, ni nadra avuke miaka ishirini.

Alipeleka damu ya Amida Nairobi kwa garimoshi, chupa ikiwa imezungushiwa barafu na maranda. Jibu lilirudi: mia tisa na kumi. Yake mwenyewe, aliyoipeleka ili alinganishe, ilikuwa mia moja na themanini.

Hapo ndipo alipoanza kwenda kwao. Swaleh, baba wa Amida, alifanya kazi katika kiwanda cha kutia mananasi kwenye mikebe, na yeye na mkewe walikuwa mtu na binamu yake. Kila Jumapili Kaleli alikaa kwenye mkeka wao na daftari, akiuliza nani alimzaa nani na nani alikufa vipi. Babu yao alianguka msikitini akiwa na miaka thelathini na minane, akiwa amesujudu. Mjomba wao alianguka Ruiru akigeuza kahawa juani. Shangazi alikufa akisuka nywele za mtu.

"Sisi tunasema ni jini wa ukoo," Swaleh alisema. "Anatupiga kifuani."

"Si jini, Bwana Swaleh. Ni damu."

"Basi kuna tofauti gani, daktari, kama huna dawa?"

Kaleli aliwaambia waache samli, mayai na nyama ya mafuta. Mwanarusi akatii kuliko alivyoambiwa; alimpikia mtoto maharagwe na sukumawiki bila tone la mafuta, na Amida alikuwa akimtania daktari kwamba amemfanya mbuzi. Msichana yule alikuwa na maneno. Alijifunza kumpima Kaleli mapigo ya mkono, akihesabu kwa sauti na kukosea makusudi. Lakini kufikia mwisho wa mwaka 1954 hakuweza tena kubeba hata debe nusu la maji. Alikuwa akisimama katikati ya njia, kiganja kifuani, akisubiri maumivu yapite. Mwaka huohuo mama yake alikuwa amejifungua mtoto mwingine, wa kiume, wakamwita Ali.

Kaleli alikuwa amekwisha kumwandikia profesa mmoja wa London, bingwa wa magonjwa ya moyo. Jibu lilikuwa la adabu na la wazi. Michoro ya ukoo na hesabu za damu zilikuwa nzuri, lakini ugonjwa huu haukuwahi kuelezwa kwa Mwafrika, na hakuna atakayeamini bila kuuona moyo wenyewe. Mtoto akifa, Kaleli atume moyo na mshipa mkuu, na nafasi ya masomo ingefikiriwa. Kaleli aliisoma barua ile mara nyingi mpaka mikunjo yake ikaanza kukatika.

Amida alilazwa mwezi wa pili mwaka 1955. Mwanarusi alilala sakafuni chini ya kitanda chake. Asubuhi moja alimfuata Kaleli kwenye ujia wa wodi, akamshika mkono wa koti.

"Daktari, nasikia hapa watu wakifa hukatwa."

"Mara nyingine, mama."

"Wangu asikatwe. Alivyonipa Mungu ndivyo nitakavyomrudisha. Niahidi."

Waceke alikuwa amesimama karibu na sinia la sindano.

"Naahidi," Kaleli alisema, na wakati akisema alikuwa akimaanisha.

Wiki mbili baadaye, saa tatu asubuhi, Amida alikaa kitandani kuomba maji, akakaza macho kana kwamba ameitwa na mtu, akaanguka. Kaleli alimkandamiza kifua, akamdunga sindano, akamwita jina. Hakuitika. Mama alikuwa ameenda Majengo kumnyonyesha Ali na kuleta uji. Swaleh alikuwa kiwandani.

"Mpelekeni chumba cha maiti," Kaleli alisema.

Waceke hakusogea. "Daktari, mama yake anarudi sasa hivi."

"Ndiyo maana nataka haraka."

"Ngai, Mungu wangu! Uliahidi. Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Waceke, akizikwa hivi amekufa bure. Kuna mdogo wake. Kuna watoto wengine ambao hatuwajui."

"Basi mngoje mama yake umwambie hayo yeye."

Kaleli alijua Mwanarusi angekataa. Alikisukuma kitanda mwenyewe. Alifanya kazi ile kwa dakika arobaini, kwa mikono iliyotulia kabisa, jambo ambalo baadaye lilimtia hofu kuliko yote. Mishipa ya moyo ilikuwa migumu kama mabua, imejaa uji wa manjano. Ilikuwa vilevile kitabu kilivyosema. Kwa muda mfupi, peke yake mle ndani, alihisi furaha.

Kisha akamshona, nyuzi ndogondogo zilizokaribiana, akazifunika kwa bendeji na kumvika gauni lake. Mwanarusi alipofika na birika la uji alimkuta mtoto amelala safi, amefumbwa macho. Kaleli alimpa pole. Hakumwambia zaidi. Alasiri ile chupa yenye moyo iliondoka kwa garimoshi.

Katika dini yao maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na mama akijiweza humwosha bintiye mwenyewe. Kaleli alilijua hilo. Hakulifikiria, au hakutaka.

Siku ya tatu Mwanarusi alikuja hospitalini. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza yake, kanga nyeusi imefika kwenye nyusi.

"Nilimwosha kwa mikono yangu," alisema. "Nilifungua bendeji. Nilihesabu nyuzi. Ni ishirini na tatu. Umemshona vizuri, daktari."

Kaleli alisimama.

"Nimekuja kuchukua ulichotoa. Nipe nikakizike alipolala."

"Mama Amida, hakipo hapa."

"Kiko wapi?"

"Kimepelekwa London. Kwa mtaalamu. Nilitaka kumsaidia Ali, nilitaka—"

"London." Alilitamka taratibu, kama jina la mtu asiyemjua. "Wewe ulikula kwangu. Ulikaa kwenye mkeka wangu ukaandika majina ya wafu wangu wote. Ungeniomba mara ya pili. Mara ya tatu. Labda siku moja ningekubali. Sasa hatutajua."

Akaondoka. Waceke aliomba uhamisho wiki ileile. Siku hizo Waingereza walikuwa wametangaza Hali ya Hatari, na Mkikuyu hakuweza kwenda popote bila karatasi, na ilimchukua miezi mitatu kupata kibali cha kurudi kwao Ruiru, kwenye zahanati ya huko. Katika miezi hiyo mitatu alimwitikia Kaleli kwa maneno ya kazi tu.

Kaleli aliandika London akiomba moyo urudishwe. Alijibiwa kwamba umekwisha kukatwa vipande vyembamba kwa ajili ya darubini, na kwamba wote wamefurahishwa mno. Ndani ya bahasha hiyohiyo ilikuwamo barua ya nafasi ya masomo.

Alikwenda. Alikaa miaka mitatu. Makala yake ilichapishwa, akapewa mkono na watu waliovaa majoho, na kila aliposimama kuzungumza, picha ya moyo ule iliangazwa ukutani nyuma yake, mkubwa kuliko yeye. Chini yake iliandikwa: msichana, miaka kumi, Thika. Alijifunza kuzungumza bila kugeuka kuutazama.

Aliporudi mwanzoni mwa mwaka 1959 alikuwa na kitu ambacho hakuwa nacho zamani: vidonge vya namna ya vitamini vilivyoweza kuyapunguza mafuta yale ya damu. Havikuponya. Viliuchoma uso kama umekaribia jiko. Lakini vilipunguza. Siku ya pili tu alikwenda Majengo. Mlango ulifunguliwa na mtu mwingine. Swaleh alikufa mwaka 1957, jirani alimwambia. Alianguka kwenye mstari wa mikebe, na mashine ilisimamishwa dakika kumi. Mjane alihamia kwa kaka yake Ruiru.

Huko Ruiru hakuthubutu kwenda kwake moja kwa moja. Alianzia kwenye zahanati. Waceke alikuwa amenenepa kidogo, na alimkaribisha bila kutabasamu.

"Ali anavyo vinundu," alisema, bila kungoja aulizwe. "Visiginoni. Vilianza mwaka jana."

Kaleli aliweka chupa ya vidonge mezani. "Mpe wewe. Usimwambie mama yake vimetoka kwangu."

"Hapana. Mimi sitamdanganya yule mama. Amedanganywa vya kutosha. Nitamwambia vimetoka kwako, akikataa, amekataa."

Walikwenda pamoja. Waceke aliingia, Kaleli akangoja nje ya ua wa michongoma, jua likimpiga kisogoni. Alisikia sauti zao lakini si maneno. Mwishowe Mwanarusi alitoka. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, na nywele zilizochungulia kwenye kanga zilikuwa nyeupe. Aliishika ile chupa.

"Huyu utamkata pia?"

"Hapana."

"Uliniambia hivyo zamani."

"Ndiyo. Nilikudanganya. Sina la kujitetea, Mama Amida."

Alimtazama, akaitazama chupa, kisha mlango ambako mtoto alikuwa akikohoa. "Dawa nitampa," alisema. "Damu Waceke atatoa. Wewe usimwone. Usimguse. Usije hapa tena, hata nikifiwa."

Alikubali, na ahadi hiyo aliitimiza.

Mwaka ule alipewa kazi ya kufundisha Makerere, akaanza safari iliyomfikisha kwenye uprofesa. Kila baada ya miezi mitatu Waceke alimtumia barua fupi yenye tarakimu. Mia nane na ishirini. Mia saba na kumi. Mara moja aliandika kwamba mtoto analia dawa ikimchoma uso, na mama humpepea kwa ubao wa chuo mpaka ipoe. Barua ya Disemba ilisema: mia sita na themanini, anacheza na wenzake, ila anachoka mapema.

Mia sita na themanini haikutosha, na Kaleli alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika Afrika Mashariki nzima. Aliiandika tarakimu ile katika daftari, akafunga vidonge vingine vya miezi mitatu, akaandika juu ya kifurushi jina la Waceke, zahanati ya Ruiru. Wanafunzi walikuwa wakimsubiri. Somo la siku hiyo lilikuwa moyo.