Vijiko vya Bwana Mwiko

Mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda, ambaye wenzake walimwita Bwana Mwiko, alikuwa mkweli kupindukia. Ndiyo maana alichukia sana mpimaji wa maabara alipomuuliza mara ya pili kama kweli hajala. Alitakiwa akae saa kumi na mbili bila chakula kabla ya kupimwa mafuta ya damu, na maji ya damu yake kichupani yalikuwa meupe kama maziwa, kama ya mtu aliyetoka kula. Akaapa kwamba tangu jana jioni hajatia kitu tumboni.

"Basi rudi kesho, mzee," binti yule wa maabara akasema.

Kesho yake yakawa yale yale. Hapo hofu ikamwingia. Kaka yake alikuwa amekatwa mguu kwa sababu ya sukari, na daktari alishasema kwamba mafuta yakizidi kwenye damu, mara nyingi sukari nayo huwa iko njiani. Bwana Mwiko alitaka jambo moja tu, aambiwe hatafuata njia ya kaka yake. Akawa anaitazama miguu yake bafuni, mmoja baada ya mwingine, kama anayeiaga.

Mkewe ndiye aliyeingiwa na shaka. Siku ya tatu alimfuata kazini alfajiri, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akawa anahesabu. Mchuzi, kijiko. Maharage, kijiko. Mchuzi tena, maana umeongezwa nyanya. Ilipotimu saa tatu, saa ya mumewe kwenda maabara, alikuwa amefikisha vijiko thelathini na vinne.

Bwana Mwiko alihamaki. Kuonja si kula, akasema, hata mtoto mdogo anajua hilo, na mpishi asiyeonja ni sawa na dereva aliyefumba macho.

"Sawa, baba watoto," mkewe akasema taratibu. "Lakini ukishaonja, huwa unatema?"

Bwana Mwiko akakitazama kijiko alichoshika. Miaka ishirini hakuwahi kujiuliza swali hilo.

Akaomba ruhusa ya siku moja, akakaa mbali na masufuria, ndipo akaenda kupimwa. Safari hii weupe haukuwapo, lakini daktari hakutabasamu. Mafuta mabaya bado yalikuwa juu, na yale mazuri yalikuwa chini. Sukari yenyewe ilikuwa sawa, ila akiendelea hivi haitakawia kupanda. Atembee kila siku, apunguze kula, na vijiko vyote vya jikoni avihesabu kuwa chakula. Alitoka pale ana woga na ana shukrani pia, maana kaka yake hakupata mtu wa kumwambia mapema.

Asubuhi iliyofuata alimkabidhi kijiko shemeji yake, mke wa mdogo wake, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka tisa bila kuruhusiwa kuonja hata maji ya moto. Yule mama akaonja, akasita.

"Chumvi haijafika, shemeji."

Wakata vitunguu wakaweka visu chini, wakisubiri balaa. Ilimuuma, tena ilimuuma kweli, kama mtu aliyevuliwa kofia mbele za watu. Akavuta kopo la chumvi.

"Niongeze kiasi gani?" akauliza.